Shangazi, nilitafuta mbwa ili nisihitaji watu

Wasomaji wangu, tangu nilipotaja hapa kwamba mimi ni mtu asiyeona, na kwamba safu hii naiandika mbwa wangu Tausi akiwa amelala juu ya miguu yangu, barua kuhusu mbwa wa msaada, yaani mbwa waliofunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu, zimekuwa zikija moja moja. Mwezi huu zimefika tano zinazogusana, nami nimeona nizijibu pamoja. Nitakaa sana kwenye ya kwanza. Swali lake niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka 19 iliyopita, na sikuwa na wa kunijibu.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, macho yaliniacha kabisa nikiwa na miaka 29. Nina miezi minne na mbwa mwongozaji, wa kwanza maishani. Mkufunzi amemaliza kazi yake amekwenda, na ninapoishi simjui mwingine mwenye mbwa kama wangu. Kila mtu ananisihi nitafute wenzangu niwe karibu nao. Nikwambie ukweli: miaka mitano nimeshikwa mkono kama mtoto. Nilitafuta mbwa ili nisihitaji watu. Sasa ndiyo nianze kuwatafuta tena? Watanipa nini ambacho mkufunzi na daktari wa mifugo hawawezi kunipa?*
*— Wa Miezi Minne*

Marahaba, mwanangu. Kompyuta imenisomea barua yako mara mbili, na pale pa kushikwa mkono nikaisimamisha. Napajua. Kuna namna mtu anavyokukamata juu ya kiwiko na kukutanguliza mbele yake, ukawa wewe ndiye unayegonga mlango kwa paji la uso. Sitakulaumu kwa kuukimbia mkono huo.

Lakini wenzako hawatakushika kiwiko. Nikusimulie habari za Kito.

Kito alikuwa mbwa wangu wa kwanza, labrador mweusi, na tulifanya kazi pamoja miaka minane. Katika mwaka wa saba nikaanza kuhisi kitu kwenye kishikio, ule mpini wa mkanda wa mbwa tunaoushika tukitembea. Hata kwa miezi yako minne umeshajua kwamba kishikio kinasema: kikivuta sawasawa mkono wa kushoto unatulia, kikilegea kuna ukingo wa barabara, kikisimama kuna jambo. Kito akaanza kuchelewa kwenye ngazi. Hakusimama, alichelewa tu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Nikasema amenizoea, amekuwa mvivu. Nikamkaripia. Watu wa nyumbani, wenye macho yao mazima, walimtazama wakasema mbwa hana neno, mkia unacheza. Daktari alikuwa amempima miezi miwili kabla na hakuona kasoro.

Jioni moja nilikuwa nikizungumza kwa simu na mama mmoja niliyekutana naye wakati wa mafunzo, ambaye wakati huo alikuwa na mbwa wake wa tatu. Sikumpigia kwa ajili ya Kito, tulikuwa tukijuliana hali. Katikati ya maneno nikalalamika kidogo kuhusu uvivu ule. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Akipanda ngazi, kishikio kinapanda kwa mfululizo, moja mbili, moja mbili, au kinaruka kwa pigo moja moja?"

Sikuwa na jibu. Nikaweka simu mezani, nikamvisha Kito mkanda wake wa kifuani, tukaenda kwenye ngazi. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Niliporudi kwenye simu akasema, "Dada, huyo anarusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, kama sungura. Nyonga zinamuuma. Wangu wa pili alianza hivyo hivyo. Kesho mpeleke, uwaambie wampige eksirei ya nyonga." Nikampeleka. Viungo vya nyonga zote mbili vilikuwa vimeshaharibika, cha kushoto zaidi.

Wiki tatu nzima nilikuwa nikimkaripia mnyama aliyepanda ngazi kwa maumivu kwa sababu tu nilimwomba apande. Yeye amekufa siku nyingi na mimi bado naamka na jambo hilo.

Sasa tazama ni nani aliyeliona. Mkufunzi humjua mbwa kwa macho, na wakati huo alikuwa mbali. Daktari humjua akiwa amesimama juu ya meza, na mbwa wa kazi mezani hujikaza. Yule mama alimjua Kito kupitia mkono wangu wa kushoto, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulishawahi kusikia kitu kile kile. Mwenye ujuzi huo ni mtu aliyetembea na mbwa, akazeeka naye, akamzika, akaanza upya. Huwezi kuupata kwa ada wala kwa kitabu.

Jambo la pili ni dogo kwa kulitaja, lakini litakufika. Siku moja utaugua. Mimi nililazwa siku tisa, na Kito akabaki na ndugu waliompenda kwa dhati. Walimpenda kwa kumpa kila kilichobaki mezani. Nilitoka hospitalini nikamkuta mbwa anayenusa chini ya kila kiti na kunivuta kuelekea kila kilichoanguka njiani, na nilihitaji miezi miwili kumrudisha. Mara ya pili nilipolazwa alikwenda kwa mwenzangu mwenye mbwa. Chakula kwa saa zake, haja kwa amri zake, mkanda wake ukatundikwa mahali asipouchezea. Nilimpokea kama nilivyomwacha. Jiulize leo, kabla hujaugua: mbwa wako atalala kwa nani?

Tatu, kutembea pamoja. Mbwa wako mchanga akishambuliwa na mbwa wa mtaani, hata bila kuumwa, anaweza kuanza kuogopa kona ile ile aliyoipita mara mia. Njia moja iliyotusaidia sisi ni kumtanguliza mbwa mtulivu wa mwenzako hatua kadhaa mbele, na wako akafuata. Mbwa hujifunza ujasiri kwa kumfuata mbwa. Wewe na mimi tunaweza kumbembeleza mpaka jua lizame, ila hatuwezi kumfanyia hilo.

Unaposema hukutaka kuwahitaji watu, nakuelewa. Lakini kazi hii, tangu mwanzo wake, ni ya mtu kumpokeza mtu. Shule ya kwanza ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mwaka 1927 Mmarekani aliyeishi Uswisi akifunza mbwa, Dorothy Harrison Eustis, aliandika makala kuhusu shule nyingine ya Wajerumani, ya Potsdam. Huko Nashville, Marekani, kijana asiyeona aitwaye Morris Frank alisomewa makala hiyo, akamwandikia mama huyo akiomba mbwa. Hakuomba mbwa peke yake. Aliahidi kwamba akisaidiwa, naye atarudi kuwafundisha wasioona wengine. Mwaka 1928 alikwenda Uswisi, akarudi na mbwa jike aliyeitwa Buddy, na mwaka uliofuata shule ya The Seeing Eye ikaanzishwa. Ule mkanda unaoushika umepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kukufikia, na wengi wao walikuwa wasioona.

Utaanzia wapi? Usitafute kundi la watu mia. Tafuta watatu. Mmoja awe amepokea mbwa karibu na wakati wako, maana mtahangaika na mambo yale yale wiki ile ile. Mmoja awe na mbwa wa pili au wa tatu, huyo ndiye atakayekuuliza swali la ngazi. Na mmoja aishi mahali ambapo unaweza kumfikia, au yeye akakufikia, kabla mbwa hajakosa milo miwili. Uiombe shule iliyokupa mbwa iwafikishie wenzako wa darasa namba yako ya simu. Haitakupa namba zao bila ridhaa yao, na ni haki, lakini yako inaweza kuwafikishia. Kisha piga simu wakati huna shida. Yule mama nisingempata usiku wa shida kama sikuwa nimempigia jioni nyingi za kawaida.

*Shangazi, mimi naona vizuri na sina mbwa. Nikikutana na mtu mwenye mbwa wa msaada nifanye nini ili nisaidie?*
*— Mpita Njia*

Zungumza na mtu, si na mbwa. Usimguse mbwa, usimwite, usimrushie kitu, usimkazie macho. Ukiona mtu amesimama kana kwamba amepotea, uliza kwa sauti ya kawaida, "Nikusaidie?" na akisema hapana, basi ni hapana. Usishike kishikio hata kidogo. Na mbwa wako wa nyumbani mfunge kamba mnapokaribiana. Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

*Shangazi, mimi ni kiziwi, nina mbwa anayeniarifu kengele ya mlango, king'ora cha moto na mtu akiniita. Ni mdogo, na mimi kwa kunitazama sina dalili yoyote. Hoteli moja ilinikatalia kuingia, mpokeaji wageni akiniandikia kwenye karatasi kwamba mbwa wa msaada ni wa vipofu tu. Nilirudi nyumbani nikalia. Ninawajua wasioona wawili wenye mbwa, lakini naona shida zao na zangu ni tofauti. Nipigane vita hivi peke yangu?*
*— Mwenye Mbwa Mdogo*

Dada yangu, pole sana. Na nikuulize: wale wawili uliwaambia?

Nitakwambia kwa nini nauliza. Kuna wakati tulikuwa watu watano tunaofahamiana kijuujuu tu. Mimi na mwingine hatuoni, mmoja alikuwa na mbwa wa viziwi kama wako, mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na mbwa wa kumwokotea vitu na kumfungulia milango, mmoja alikuwa na kifafa. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kukataliwa kwenye mabasi ya kampuni moja, na kila mmoja alifikiri ni yeye. Mimi nilidhani ni kwa sababu Kito alikuwa mkubwa mno. Mwenye kifafa alidhani ni kwa sababu anaonekana mzima. Yule wa mbwa wa viziwi alidhani hakueleza vizuri. Siku tulipokaa pamoja tukaweka tarehe na saa mezani, ikaonekana wote tulikataliwa kituo kimoja, zamu ya asubuhi. Si ukubwa wa mbwa, si sura zetu. Ni watu wawili watatu wa zamu ile ambao hawakufundishwa kitu.

Tukaenda ofisini kwao watu watano na mbwa watano. Mbwa wakalala chini ya viti saa nzima, hakuna aliyetoa sauti. Nadhani hilo lilieleza kuliko hoja zetu. Karatasi ya tarehe ilisomwa kwa sauti, na meneja hakuweza kusema ni mtu mmoja aliyekasirika. Madereva na makarani wakaitwa, wakafundishwa, tena waliofundisha ni sisi.

Kwa hiyo ulemavu wenu ni tofauti, kweli, lakini mlango mliofungiwa ni ule ule. Na wewe una kitu ambacho sisi tusioona hatuna: sisi watu hutuamini kwa kututazama tu, wewe huwa ni lazima uwafundishe. Kila unapomfunza mpokeaji wageni kwamba mbwa mdogo anayesikia kwa niaba yako ni mbwa wa kazi, unamfungulia njia mwenye kifafa, mwenye kisukari, na askari anayeamka usiku akipiga kelele.

La kufanya sasa. Karatasi ile aliyokuandikia, itunze, ni ushahidi. Andika tarehe, saa, jina la mpokeaji kama lilikuwa kifuani pake, na maneno yake kama yalivyokuwa. Kisha waulize wale wawili na wengine watakaowafahamu kama hoteli hiyo imewahi kuwafanyia hivyo. Ijue na sheria ya mahali ulipo kwa kuuliza wenzako walioitumia, maana sheria hizi hazifanani. Marekani, kwa mfano, wahudumu hawaruhusiwi kudai cheti wala kukuuliza ugonjwa wako. Pale ambapo kazi ya mbwa haijidhihirishi yenyewe, wanaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Uingereza kuna Sheria ya Usawa ya 2010, ya kuzuia ubaguzi. Kwingine utakuta maneno machache tu, na hapo ndipo huwa nawakumbusha watu mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 20 kinazitaka nchi zirahisishe upatikanaji wa misaada ya kutembea, ikiwemo ile itolewayo na viumbe hai.

Jizoeze jibu lako mbele ya mwenzako mpaka likutoke bila mikono kutetemeka. Kwako wewe litakuwa kadi iliyoandikwa vizuri, mistari miwili. Sisi huwa tunafanya mazoezi hayo: mmoja anakuwa mlinzi mkali, mwingine anajibu, kisha tunabadilishana.

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, nina kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni. Namfunza mwenyewe mbwa wangu anijulishe sukari inaposhuka, kwa msaada wa mkufunzi ninayemwona mara mbili kwa mwezi. Nimeingia kwenye makundi mawili ya wenye mbwa na sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo. Huyu anasema mpige akikosea, huyu anasema usimkemee kamwe, mwingine anasema mbwa asiyetoka shuleni si mbwa wa msaada. Nimsikilize nani?*
*— Binti wa Sindano*

Marahaba, binti yangu. Umeuliza lile ambalo wanaosifia makundi hawalisemi: penye watu wengi pana ushauri mbaya mwingi pia. Nimewahi kumsikia mtu, kwa nia njema kabisa, akimwambia mwenzetu ampe mbwa anayechechemea kidonge cha ibuprofeni cha binadamu. Ibuprofeni inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo. Aliyeokoa ni mwanachama mwingine aliyekuwa akisikiliza kimya, akapaza sauti, "Usimpe, mpigie daktari sasa hivi." Ubaya na uzuri vilitoka kwenye kundi lile lile ndani ya dakika moja.

Mimi huwachuja watu kwa swali hili: "Niambie uliwahi kumkosea nini mbwa wako." Mwenye kujua atakujibu mara moja, maana makosa yake anayakumbuka kwa siku na saa. Asiye na kosa hata moja la kusimulia, ama mbwa wake ni wa juzi, ama anakuficha, na vyovyote vile hana la kukufaa. Muulize pia mbwa wake amefanya kazi miaka mingapi, si mbwa wangapi amewahi kufuga.

Kuhusu kupiga: usipige. Kazi ya mbwa wako ni kukuletea habari usiyoitaka, tena usiku, tena wakati umelala na hutaki kuamshwa. Mbwa aliyefundishwa kwamba kukosea kuna maumivu huchagua kunyamaza, na kwako wewe mbwa akinyamaza ni hatari kuliko akikosea. Naye akikujulisha, pima sukari kwa kipimo chako kila mara. Akinyamaza na wewe unajisikia vibaya, pima pia. Hata mbwa hodari hupitwa, na ni lazima wewe na walio karibu nawe mkubali hivyo bila kumchukia.

Kuhusu wanaokudharau kwa kumfunza mwenyewe, usiwape moyo wako. Zipo nchi, Marekani ikiwa mojawapo, ambako sheria inamruhusu mtu kumfunza mbwa wake mwenyewe. Lakini jiwekee kipimo kigumu. Mwaka 1993 wenye mbwa wa msaada wenyewe, wa kuongoza, wa kusikia na wa kazi nyingine, walianzisha chama cha kimataifa kiitwacho International Association of Assistance Dog Partners. Kiwango chao cha chini ni saa 120 za mafunzo kwa muda wa miezi sita au zaidi, na angalau saa 30 kati ya hizo ziwe mahali pa watu. Kiwango hicho kiliwekwa na watu wanaoishi na mbwa hawa, ndiyo maana nakiheshimu. Andika saa zako kwenye daftari. Na mara moja kwa mwezi mwombe mwenye mbwa mzoefu akufuate sokoni au kituoni, asiseme kitu mpaka mmalize, kisha akwambie yote. Inauma. Mimi nilifanyiwa hivyo na nikakasirika siku mbili, siku ya tatu nikabadilisha ninavyoshika kamba.

Kati ya yale makundi mawili, baki kwenye lile ambalo mtu akisema "sijui, muulize daktari" hachekwi.

*Dada mhariri, mimi si mwanao wa kukuita shangazi, nina miaka 67. Mbwa wangu mwongozaji ana miaka 10 na tumeambiwa astaafu mwisho wa mwezi ujao. Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita, na mbwa huyu ndiye aliyenitoa nyumbani. Watoto wananiambia ni mbwa tu, utapata mwingine. Wenzangu wenye mbwa nimeacha kuwapigia simu, maana naona haya: mzee mzima kulilia mbwa.*
*— Mzee wa Asubuhi*

Mzee wangu, shikamoo. Wapigie leo.

Nilipomstaafisha Kito, siku ya kwanza nilichukua fimbo nyeupe nikatoka kwenda kazini peke yangu. Nikiwa mlangoni nikamsikia nyuma yangu. Zile kucha zake sakafuni, taratibu, zikaja hadi kizingitini zikasimama. Aliusikia mlango, akaja kazini kama miaka minane yote. Nilifika barabarani nikashindwa kuvuka. Gari halikuwepo, nilikuwa nalia tu. Watu wa nyumbani waliniambia kama wanavyokuambia wanao, na hawakuwa wabaya. Hawakujua kwamba nilikuwa nimepoteza, asubuhi moja, mwandani, mwendo wangu, na sehemu ya mwili.

Yule mama wa ngazi hakuniambia nijikaze. Alikuwa akinipigia kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa niliyokuwa nikimvisha Kito mkanda. Siku nyingine hatukuongea lolote la maana, alinielezea hali ya hewa ya kwao. Mwezi mzima alifanya hivyo. Naye miaka sita kabla alikuwa amepigiwa simu namna hiyo hiyo na mtu mwingine. Haya unayoyaona wewe, mzee wangu, wao wameshayapita, na kila unapokaa kimya unamnyima mmoja wao nafasi ya kurudisha alichopewa.

Yapo mambo ya kufanya kabla ya mwezi ujao. Amua sasa mbwa atakaa wapi: nawe, kwa mmoja wa wanao, au kwa familia iliyomlea akiwa mchanga ikiwa ingali inamtaka. Akibaki nawe, uwepo mpango wa nani atakuwa naye utakapotoka na mbwa mpya, maana kubaki nyuma ya mlango kunamuumiza. Ombi la mbwa mwingine lipeleke mapema, foleni huwa ndefu. Toa fimbo kabatini uanze kuizoea wiki hii, mbwa akiwa bado kazini, ili siku ile usijifunze mambo mawili kwa pamoja. Na mbwa mpya akija, usimpime kwa wa zamani. Morris Frank niliyemtaja juu, mbwa wake wote waliofuata aliwaita Buddy. Mimi nisingeweza. Tausi ni Tausi, anavuta kwa nguvu zaidi na ana haraka, na ilinichukua karibu mwaka kuacha kumwita kwa jina la mwenzake.

Na sasa nina ombi kwako, mzee wangu, na kwa yule kijana wa barua ya kwanza. Wewe una miaka mingi ya kusikiliza kishikio na mwezi mmoja na nusu wa kukisikiliza bado. Yeye ana miezi minne na hana wa kumuuliza. Mkiniandikia kila mmoja kwamba ameridhia, nitawapelekea namba zenu, bila kuzichapisha hapa. Kijana, wewe ndiye utakayepiga. Mpigie asubuhi.